Nenda Jimu na Futi Kamba

Ndugu zangu, asanteni kwa kuitika. Maswali mliyotuma kabla ya leo ni mengi, lakini karibu yote ni mawili yaliyovaa nguo tofauti: nianzie wapi katika pawalifti ya mashindano, na nitajuaje kwamba jimu fulani inanifaa? Nitayajibu kwa pamoja, maana jibu la pili limo ndani ya la kwanza. Anayebeba vyuma ili mwili upendeze anaweza kufanya hivyo karibu popote. Anayetaka kupanda jukwaani mbele ya waamuzi watatu anahitaji mahali panapomruhusu kufanya, wiki hadi wiki, kile kile watakachomdai waamuzi hao. Kwa hiyo kanuni kwanza, jimu baadaye.

Pawalifti ni minyanyuo mitatu: skwati (kuchuchumaa na kusimama uzito ukiwa mgongoni), benchi (kulala chali na kusukuma uzito kutoka kifuani) na dedilifti (kuinua uzito kutoka sakafuni mpaka usimame wima), kwa mpangilio huo huo. Kila mshindani hupewa majaribio matatu kwa kila mnyanyuo, yaani tisa kwa siku. Jaribio lako bora la kila mnyanyuo linachukuliwa, matatu hayo yanajumlishwa, na jumla ndiyo inayokupanga miongoni mwa wenzako wa jinsia na daraja lako la uzito. Jumla zikilingana, mwenye mwili mwepesi anatangulia. Na ukikosa majaribio yote matatu ya mnyanyuo mmoja, huna jumla, hata kama mingine miwili uliipiga vizuri kuliko ukumbi mzima. Shikeni hilo, nitalirudia mbele.

Waamuzi ni watatu, na kila mmoja ana taa nyeupe na nyekundu. Nyeupe mbili zinatosha. Kanuni nitakazozitaja leo ni za shirikisho la kimataifa, IPF, lililoanzishwa mwaka 1972. Mashirikisho mengine yapo na yana tofauti zake, kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya uanachama soma kitabu cha kanuni cha shirikisho lako mpaka mwisho. Ni kusoma kwa jioni moja tu, nako kunakuepusha na miezi ya mazoezi yasiyo sahihi.

Tuitazame skwati kwa karibu. Unaitoa nondo, yaani kile chuma kirefu kinachovishwa sahani za uzito, kwenye stendi, unarudi nyuma hatua mbili au tatu, unanyoosha magoti na kusimama tuli. Hushuki mpaka mwamuzi mkuu ashushe mkono na kusema "Skwati!" Unashuka mpaka sehemu ya juu ya paja, pale kwenye mkunjo wa nyonga, iwe chini ya kilele cha goti. Paja kulala sawa na sakafu hakutoshi. Kisha unapanda, unanyoosha magoti, unatulia, unasubiri "Raki!" ndipo urudishe nondo. Kurudisha kabla ya neno hilo ni taa nyekundu, hata kama mnyanyuo wenyewe haukuwa na doa.

Kina ndicho kinachowaponza wageni wengi, na chanzo chake kinajulikana. Kwenye mazoezi uzito unaongezeka kidogo kidogo, na kila unapoongezeka mtu anapunguza kushuka kwa sentimita moja ambayo haioni. Baada ya miezi mitatu anaamini ana kilo 150, kumbe zile zenye kina halali ni 130. Simu iliyosimamishwa mbele yako au juu ya stendi haitakuambia ukweli. Iweke ubavuni, kwa kimo cha nyonga yako unapokuwa chini kabisa, yaani karibu na usawa wa goti. Ukiiweka juu zaidi, skwati halali itaonekana ya juu. Ukiiweka sakafuni, ya juu itaonekana halali.

Benchi ina amri tatu. Unanyoosha mikono, unasikia "Stati!", unashusha nondo mpaka kifuani na kuituliza. Ikitulia kabisa mwamuzi anasema "Presi!", unasukuma, unanyoosha viwiko, unangoja "Raki!" Muda wote huo kichwa, mabega na makalio hayaachani na benchi, na nyayo ziko bapa. Vidole vya shahada havipiti alama za sentimita 81 zilizochongwa kwenye nondo, na gumba lazima liizunguke. Tangu mwaka 2023 IPF inadai pia kwamba nondo ikiwa kifuani, upande wa chini wa kiwiko uwe sawa na sehemu ya juu ya bega au chini yake, kwa hiyo mwenye kupinda mgongo sana na kushika mbali aipime fomu yake upya. Anayezoea kudundisha nondo kifuani atashangaa: ule mtulio mfupi unaweza kumla kilo kadhaa. Fanya mtulio mazoezini tangu wiki ya kwanza, na namba utakazoandika zitakuwa zako kweli.

Dedilifti haina amri ya kuanza. Unanyanyua, unasimama magoti yamenyooka na mabega yamerudi nyuma, unangoja "Dauni!", kisha unashusha huku mikono yote miwili imeshika. Kuiachia nondo idondoke ni kosa. Nondo kushuka hata kidogo kabla hujafika juu ni kosa, na kuipumzisha juu ya mapaja ili ujisogeze ni kosa. Kamba za kufungia mikono kwenye nondo haziruhusiwi, basi anayezitumia kila siku mazoezini anaujenga mgongo na kukisahau kiganja, na kiganja ndicho kitakachomwangusha.

Sasa twende jimu. Chukua futi kamba na daftari, na uangalie kama jimu ina mizani. Omba kuingia saa ile ile utakayokuwa ukifanya mazoezi, si saa nne asubuhi wakati hakuna mtu.

Anza na nondo. Ya pawalifti ina kilo 20, unene wa milimita 28 hadi 29, na mikwaruzo katikati inayoshika mgongo wakati wa skwati. Pima umbali kati ya zile pete mbili laini: ziwe sentimita 81. Ukikuta 91, hiyo ni nondo ya ule mchezo wa Olimpiki wa kupandisha uzito juu ya kichwa. Unaweza kuifanyia mazoezi, lakini usiitumie pete yake kupimia mshiko wa benchi, la sivyo siku ya mashindano mikono itajikuta mahali pageni. Halafu ilaze nondo tupu kwenye stendi, izungushe taratibu na uangalie ncha yake. Ncha ikichora duara hewani, nondo imepinda, na nondo iliyopinda hujigeuza mgongoni ukiwa chini.

Sahani kubwa ziwe na kipenyo cha sentimita 45, kwa sababu hapo ndipo nondo inapokaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni. Sahani ndogo zinaishusha nondo, na dedilifti yako inaanza mahali ambapo hakuna shindano litakaloianzia. Sahani zenye kona, zile za pembe nane au kumi na mbili, zinasababisha jambo jingine: kila ukishusha, nondo inaegemea kona na kusogea mbele au nyuma, nawe unaanza rudio linalofuata ukiwa nje ya mstari. Kwa mashindano, sahani haitakiwi kukengeuka zaidi ya asilimia 0.25 au gramu 10 kutoka uzito ulioandikwa. Za jimu za kawaida haziko hivyo. Zipime kama mizani ipo, tafuta jozi zinazokaribiana, zitie alama ya chaki na uzitumie hizo hizo kila mara.

Kuna sahani moja ambayo watu hawaiulizii, nayo ndiyo ningeitafuta mapema kuliko zote: ya kilo 1.25. Bila jozi hiyo, ongezeko dogo kabisa unaloweza kufanya ni kilo 5. Kwenye dedilifti utavumilia. Kwenye benchi ya mtu anayesukuma kilo 50, kilo 5 ni sehemu ya kumi ya uzito wake wote, na hapo ndipo wengi, hasa kina dada, wanakwama na kudhani miili yao imegoma. Jimu ikikosa jozi hiyo, nunua yako na uibebe kwenye begi.

Stendi iwe na vyuma vya usalama vinavyopanda na kushuka. Hapo sina mjadala. Mashine ambayo nondo inateleza kwenye reli haihesabiki kuwa stendi, maana reli inakubebea usawa ambao jukwaani utaubeba mwenyewe. Benchi iwe na kimo cha sentimita 42 hadi 45 na upana wa 29 hadi 32. Nyembamba kuliko hapo, mabega yananing'inia pembeni. Ndefu kwenda juu kuliko hapo, mfupi hafikishi nyayo. Huyo aweke sahani bapa chini ya miguu, na jukwaani kanuni zinamruhusu kuomba vibao. Shika pia ngozi ya benchi: ikiwa inateleza kama sabuni, mgongo utakimbilia kichwani kila unapojikaza.

Muulize mwenye jimu mambo matatu waziwazi: chaki inaruhusiwa? Dedilifti kutoka sakafuni inaruhusiwa, na sakafu inaistahimili? Naweza kukaa kwenye stendi dakika arobaini? Akisita kwa la tatu, amekujibu. Skwati nzito inahitaji mapumziko ya dakika tatu hadi tano kati ya seti (mafungu ya marudio), na jimu yenye stendi moja na foleni ya watu wanane haiwezi kukupa hayo hata ikiwa na vioo vinavyong'aa kila ukuta.

Mwisho tazama watu. Je, kuna hata wawili wanaoshuka skwati mpaka chini? Wanasaidiana bila kuombwa mara mbili? Mwalimu, kama yupo, muulize amewahi kumhudumia nani siku ya mashindano na kwa kanuni za shirikisho gani. Si lazima awe bingwa, lakini lazima azijue amri nilizozitaja. Kwa maoni yangu, chumba chakavu chenye nondo iliyonyooka, stendi salama na watu watatu wanaoshindana kinalishinda jengo zuri lenye mashine hamsini. Vitu vingine vyote unaweza kuvizunguka. Vyuma vya usalama huwezi.

Na vyuma hivyo vina namna ya kupangwa, wengi hukosea. Kwa benchi, lala kama utakavyosukuma, kifua kimeinuka, nondo tupu igusane nacho. Vyuma viwe sentimita mbili hivi chini ya hapo, visikuguse wakati wa kusukuma. Sasa legeza mgongo, ulale bapa: nondo ibaki juu ya vyuma bila kukandamiza kifua, kisha iviringishe kuelekea kichwani uone kama shingo inapita salama. Jaribu hivyo na nondo tupu kila unapobadili stendi. Kwa skwati, shuka mpaka kina chako halali na uweke vyuma chini kidogo ya nondo ilipofika. Vikiwa juu mno vitakugonga kabla ya kina. Vikiwa chini mno havitakuokoa. Kama siku hiyo huna vyuma na huna msaidizi, usipige benchi nzito. Nasema hivi kwa moyo wote, maana watu hufia chini ya nondo ya benchi, tena kwa uzito waliouzoea.

Kuhusu ratiba sitakaa sana, kwa kuwa anayeanza huendelea kwa ratiba yoyote yenye nidhamu. Siku tatu au nne kwa wiki: skwati mara mbili, benchi mara mbili au tatu, dedilifti mara moja au mbili, seti tatu hadi tano za marudio matatu hadi sita. Ongeza kilo 2.5 kila unapokamilisha marudio yote kwa fomu halali. Ukikwama mara mbili au tatu mfululizo, punguza asilimia 10 na upande upya. Andika kila seti, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Jipe wiki 12 hadi 16 kabla ya shindano la kwanza, lakini jiandikishe mapema. Usingoje uwe na nguvu "za kutosha". Shindano la kwanza ni la kujifunza jukwaa, na jukwaa halifundishiki nyumbani. Mara moja kwa wiki mwenzako akae mbele yako na kukutolea amri, tena achelewe makusudi.

Chagua mashindano ya bila vifaa, yaani yasiyo na suti na fulana ngumu za kusaidia kunyanyua. Utahitaji singleti (vazi la kubana la kipande kimoja), fulana ya kawaida, na soksi ndefu zinazofunika ugoko kwa ajili ya dedilifti. Mkanda usizidi upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 13. Vibana magoti visizidi milimita 7. Kabla ya kutoa fedha, fungua orodha ya vifaa vilivyoidhinishwa na shirikisho lako, kwa sababu mkanda mzuri usiokuwa kwenye orodha hautapita ukaguzi. Na dawa za kuongeza nguvu: IPF inafuata kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, na kinachokutwa mwilini ni jukumu lako, hata kilichochanganyika kwenye unga wa virutubisho wa madukani bila wewe kujua. Kama huna uhakika na kopo, liache.

Msipunguze uzito kwa shindano la kwanza. Nasikia mtu anapanga kukausha kilo nne ili aingie daraja la chini. Chini ya IPF upimaji wa uzito huanza saa mbili kabla ya mashindano, na maji aliyoyapoteza mtu kwa siku mbili hayarudi mwilini kwa saa mbili. Matokeo yake ni misuli kukakamaa kwenye skwati na nguvu kuisha benchi. Shindana kwa uzito ulioamka nao.

Wiki ya mwisho si ya kutafuta nguvu. Dedilifti nzito ya mwisho iwe siku 10 hadi 14 kabla, skwati 7 hadi 10, benchi 5 hadi 7. Baada ya hapo ni nyepesi tu, kuutunza mwendo.

Nilisema nitarudi kwenye kukosa jumla. Karibu kila anayeipoteza ameipoteza asubuhi, kwenye meza ya kupimia uzito, alipoandika jaribio la kwanza. Jaribio la kwanza liwe uzito unaoweza kuupiga marudio matatu hata siku ambayo hukulala vizuri, karibu asilimia 90 ya uwezo wako. Mwenye skwati halali ya kilo 140 afungue na 125 au 127.5, la pili 135, la tatu 140 au 142.5. Uzito haurudishwi chini: ukifungua na 140 ukaikosa, majaribio mawili yaliyobaki ni 140 au zaidi, basi. Hapo mezani pia utaulizwa kimo cha stendi yako ya skwati na benchi, kwa hiyo kipime mapema kwenye stendi za ukumbi huo, si kwa kukumbuka za jimu yako.

Jukwaani uzito wa nondo hupanda tu, aliyeomba uzito mdogo anaanza. Kundi likiwa na watu kumi na wanne, mzunguko mmoja huchukua takriban dakika kumi na nne. Pangeni kupasha mwili ili nondo ya mwisho ya maandalizi iwe dakika kama kumi kabla ya kuitwa. Nondo ikitangazwa iko tayari, una sekunde 60 za kuanza. Ukimaliza, una dakika moja kupeleka namba ya jaribio linalofuata. Usipopeleka, uliyefaulu utaongezewa kilo 2.5 bila kuulizwa, na uliyekosa utabaki pale pale.

Dakika hiyo moja ni fupi kwa mtu anayehema. Ndiyo maana nawasihi mje na mtu mmoja asiyeshindana. Kazi yake siyo kupiga kelele. Akae karibu na meza akiwa na kalamu na karatasi yenye namba tatu kwa kila jaribio: moja ikiwa lililopita lilikuwa jepesi, moja likiwa la wastani, moja likiwa zito. Atazame kasi ya nondo, achague, apeleke, kisha akuletee maji. Na kwenye dedilifti ya tatu abaki pale pale mezani, kwa kuwa hilo ndilo jaribio ambalo kanuni za IPF zinaruhusu namba kubadilishwa mara mbili, ilimradi hujaitwa kwenye nondo iliyokwisha kupangwa kwa uzito uliouomba. Washindani wenzako watakuwa wakibadilisha zao. Huyo wako ajue tayari jumla yako ni ngapi, ya aliye juu yako ni ngapi, na ni kilo ngapi zinakutosha kumpita kabla hujafunga mkanda.